Mashairi ya Binti Mvuke

Tarehe 9 Februari

Bibi, mke wangu,

Natumai barua hii imekukuta umekaa, goti limenyooshwa juu ya stuli, si umesimama nyuma ya kichwa cha mtu. Mimi sijambo. Pasi iliniramba kidole wiki iliyopita, lakini tajiri anasema sasa ndiyo nimekuwa dobi kamili, kwa hiyo nipongeze. Chumba ni kilekile, juu ya duka, na mvuke hupenya kwenye mbao za sakafu mpaka naamka nikidhani nimelala mawinguni. Fundi saa ninayekaa naye anakusalimu. Saa zake zimejaa ukuta mzima na hakuna mbili zinazokubaliana, basi kila asubuhi tunachagua ile inayotuonea huruma.

Dada ameshajifungua? Na Baba je? Usiniandikie tena kwamba yupo. Najua yupo. Nauliza kama amewahi kunitaja tangu siku ile aliponikuta mbele ya kioo chako na kitambaa chako kichwani, akaenda kunifungulia mlango wa nje bila neno. Simu ya nyumbani anaipokea yeye, na mimi nikisikia sauti yake nakata. Ndiyo maana nakuandikia.

Sasa jambo lenyewe, Bibi. Lile jarida mnaloliacha chini ya kioo, wateja wakalisoma wakiwa kwenye draya: uliniandikia mwaka juzi kwamba kuna mshairi humo anayejiita Binti Mvuke, anaandika utadhani amezaliwa saluni kwako. Ulisema akina mama wanagombania ukurasa wake, na kwamba ukimpata utamtengeneza nywele bure. Binti Mvuke ni mimi.

Shairi la kwanza niliandika kwenye kikaratasi cha nambari, kile tunachobana kwenye nguo za wateja. Mvuke ulikuwa mwingi, sikuiona mikono yangu, na sauti ikaja yenyewe. Sikuigiza. Najua kuigiza: naigiza nikizungumza na tajiri, naishusha sauti mpaka tumboni. Ile ya kwenye mvuke ndiyo inayotoka nisipojishikilia.

Nyumba moja ya uchapishaji inataka diwani nzima. Mhariri ni mama mwema, amenishauri kitabu kiwe na utangulizi useme kwamba mwandishi ni mwanamume aliyejivisha sauti ya kike kwa ustadi mkubwa. Anasema kwa njia hiyo hakuna atakayenisumbua. Nimemwomba muda. Sitaki kusifiwa kwa kujivisha kitu nilichozaliwa nacho.

Nina maombi mawili. La kwanza, uniruhusu niandike kwenye ukurasa wa mwanzo kwamba kitabu ni chako. La pili ni gumu. Dada unamwita mke mwenza, kama bibi yeyote anavyomtania mjukuu wa kike. Mimi ni mume wako. Tangu utotoni, ukiniita "mume wangu" nageuka nyuma kumtafuta anayeitwa. Kama unaweza, Bibi, nihamishie upande wa dada. Mashairi yote ya diwani nimeyatia humu ndani; ni mapya, jarida halijayachapa.

Ni mimi, nikingoja.


Tarehe 11 Machi

Mjukuu wangu,

Bahasha imefika. Karani wa posta aliileta mwenyewe kwa sababu alikuwa anakuja kusuka, akaipapasa njiani kote akitaka kujua kuna nini ndani. Goti langu linatabiri mvua kuliko redio. Dada yako amejifungua msichana mwenye kichwa kikubwa na nywele za kutosha watu wawili; nimeshamwambia mama yake asithubutu kumnyoa bila mimi kuwepo.

Draya ya pili imekufa. Ukiiwasha inanguruma, inatoa harufu ya mkate ulioungua, halafu inazima na taa ya chumba. Wateja wanakaa kwa zamu, na wanaongojea wanaongea zaidi, na wanaoongea zaidi hawataki kuondoka. Saluni imekuwa baraza.

Nimemwota Babu yako. Alikuwa kwenye kiti cha wateja, rola kichwa kizima, mikono imetulia mapajani, ananiuliza zamu yake itafika lini. Niliamka nikiwa bado natafuta kitana.

Pasi ikikuramba tena tia kidole kwenye maji baridi. Habari za dawa ya meno ni ujinga, usimsikilize mtu.

Mashairi nimeyasoma. Nimeyaweka kwenye kabati la taulo.

Baba yako yupo.

Bibi yako.


Tarehe 20 Aprili

Bibi,

Nakusalimu, namsalimu dada na huyo mwenye nywele za watu wawili. Fundi saa amemtengenezea kisaa cha kuning'iniza juu ya kitanda, hakisemi saa yoyote, kina kengele tu. Kimo ndani ya pamba, ukifungue taratibu.

Umeniita mjukuu wangu. Si mume, si mke mwenza. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama kwenye meza ya pasi, na nilisimama hapo mpaka shati la mtu likapata alama ya pasi mgongoni. Nimekatwa mshahara. Sikulaumu, nakueleza tu ilivyokuwa. Kabati la taulo ndimo unamoficha vitu usivyotaka wateja wavione.

Nami nimeota. Saluni ilikuwa imejaa maji mpaka dirishani, ya uvuguvugu, ya kuoshea nywele. Akina mama walikuwa wanaelea na magauni yao yamefunguka, wanaongea kama kawaida, na kila neno lilikuwa povu linalopanda. Mimi nilikuwa kwenye benchi langu chini kabisa, nakunja taulo, na mapovu yalinipitia puani. Nilikuwa na furaha ambayo siwezi kukueleza. Hakuna aliyeniuliza nafanya nini kule.

Pale ndipo nilipojifunza kuongea, Bibi. Si shuleni. Pale kwenye benchi, mwanamke akianza kusimulia kitu kikubwa kwa kusifia kwanza mafuta ya nywele, akizunguka, akirudi, akiacha katikati kwa sababu maji yamekuwa ya moto. Ninapoandika mstari nausubiri uzunguke hivyo. Wanaume wanaosoma jarida huniandikia barua za kuniposa. Mmoja ana shamba la kuku. Nacheka, kisha naisoma tena barua yake, kwa sababu hata huyo mfuga kuku anajua kunisemesha kuliko watu wa nyumbani kwetu.

Mhariri anataka jibu kabla kitabu hakijaenda mtamboni. Mimi nataka jibu lako kwanza. Ukinikataa kitatoka, lakini kitakuwa kitabu cha mtu asiye na kwao.

Baba je?

Ni mimi.


Tarehe 2 Julai

Wewe uliyeko mbali,

Sote wazima. Kisaa kimefika, mtoto anakitazama mpaka macho yanapishana. Mwambie huyo fundi ahsante. Draya imetengenezwa, sasa inatoa harufu ya mpira.

Nimekawia kwa sababu nilikuwa na hasira, na mimi nikiwa na hasira nikishika kalamu natoboa karatasi. Umenishutumu kwamba nimekuficha kabatini. Sikukuficha wewe. Niliwaficha wateja wangu.

Wewe unadhani nilichosoma mle ni kwamba mjukuu wangu ana moyo wa kike. Mtoto, hilo nililijua ukiwa na meno ya mbele mawili. Ulikuwa ukikunja taulo unaziambia taulo pole. Kilichonitoa jasho ni lile shairi la pete inayoogelea. Yule ni mwalimu. Aliidondosha pete yake ya ndoa kwenye sinki langu kwa makusudi, akaniomba niseme kwamba ilimponyoka nikimwosha, nami nikasema hivyo mbele ya mume wake nikamtazama usoni. Alipoidondosha, tuliokuwa chumbani ni watatu. Mimi, mwalimu, na kitoto kwenye benchi. Sasa pete ile inataka kuogelea kwenye kitabu, na mwalimu mwenyewe anakuja hapa kila wiki mbili.

Sijamaliza. Kuna la mwanamke anayepaka rangi ya nywele ili mtu fulani asijue ana umri gani. Kuna la yule aliyekuwa akilia chini ya draya kwa sababu mashine inaficha sauti. Nawajua wote. Msaidizi yeyote akianza kazi kwangu, kabla hajashika kitana, namwambia kwamba anachosikia humu asikitoe hata kwa mtu anayelala naye. Nimewafukuza wawili kwa kosa hilo, na mmoja alikuwa anasuka vizuri kuliko mimi.

Unaniomba nikuhamishie upande wa wanawake. Haya, nisikilize. Kama wewe ulikuwa mwanamume pale kwenye benchi, basi ulikuwa unachungulia, na ulichochukua ni wizi. Kama ulikuwa mmoja wetu, basi ulikuwa na haki ya kukaa na kusikia kila kitu. Lakini mmoja wetu hafanyi ulivyofanya. Ni hapo tu ninapokwama. Wewe unaona upande wetu ni mvuke na magauni yanayoelea. Upande wetu ni kufunga mdomo miaka arobaini huku goti linauma.

Niambie ulikuwa nani pale. Ukishanijibu ndipo nitajua namna ya kukuita.

Baba yako yupo, na ana kikohozi.

Bibi yako.


Tarehe 13 Julai

Bibi,

Pole kwa goti, na Baba pole kwa kikohozi, ukiona inafaa kumwambia.

Nilikuwa mmoja wenu. Nilikuwa mmoja wenu tangu siku uliyonipa taulo ya kwanza, na nimefanya ambalo mmoja wenu hafanyi. Sina pa kujitetea. Nilidhani kwa kuwa sikutaja majina sikusema kitu. Nilidhani uzuri wa mstari unalipia. Nimeona haya, Bibi, na ajabu ni kwamba haya hii imenipa amani kidogo, kwa sababu hukunionea haya kwa jinsi nilivyo. Umenikemea kama unavyomkemea msaidizi wako.

Nimekwenda kwa mhariri nikasimamisha kitabu. Alivua miwani akaniuliza kama najua ninachofanya, mtambo umeshapangiwa siku. Nikamwambia mashairi mengine yana wenyewe na sijawauliza. Akasema hakuna mshairi anayeuliza. Nikasema kwetu tunauliza. Amenipa mpaka mwisho wa Oktoba, baada ya hapo nafasi yangu ataipata mtu mwingine, na sidhani kama watanirudia.

Basi mashairi unayo wewe. Wasomee wenyewe. La mwenye kukataa lichome kwenye jiko la kuchemshia maji, na mimi nitachoma nakala yangu. Vikibaki vikaratasi vitatu, kitabu kitakuwa na kurasa tatu.

Ila kuna moja usimtafutie mwenyewe. Hilo sikulisikia kwa mtu. Unakijua kioo, na unaijua siku Baba aliponikuta. Kilichotangulia kabla hajaingia hakuna anayekijua, na nimekiandika hivi:

*Wameondoka wateja, kioo kimebakia,*
*Nasogea nikingoja, nani atanifikia,*
*Ndani yuko mwenye haja, jina langu kashikia,*
*Akicheka mimi huja, nikija hunikimbia.*

Hili ni langu peke yangu. Likilazimika kuchomwa, nitalichoma mimi.

Umeuliza chinichini, kwa jinsi ulivyoandika "huyo fundi", fundi saa ni nani kwangu. Au ni mimi ninayetaka uulize. Anapika vibaya, anaimba akiwa na skrubu mdomoni, na nikirudi kazini nimeloa mvuke huniwekea taulo mlangoni.

Ni mimi.


Tarehe 30 Septemba

Mke mwenzangu,

Usilie juu ya karatasi, wino wangu ni wa bei rahisi.

Nitaanza na habari za nyumbani kwa sababu ndivyo nilivyolelewa. Mtoto ameota jino na ameshamng'ata baba yake. Goti liko vilevile. Huyo fundi saa uje naye ukija, saa ya ukutani hapa imesimama na nimechoka kuwauliza wateja. Kuhusu kupika kwake vibaya, Babu yako pia alikuwa na mkosi huo na niliishi naye.

Sasa mengine. Jumamosi nilifunga pazia, nikazima draya zote, nikawaambia akina mama leo mtakauka kwa upepo. Walikuwa mwalimu, karani wa posta, na yule muuguzi mstaafu mwenye nywele nyepesi. Wengine nilikuwa nimewafuata majumbani mwao, kila mmoja nikamsomea lake, kwa goti hili, nakudai shukrani. Baba yako alikuwa uani, nyuma ya dirisha, anafungua bomba la sinki lililoziba. Fundi bomba mzima, nimemwomba tangu Juni.

Kote nilivaa miwani nikasoma. Mwenye rangi ya nywele alicheka mpaka akakohoa, akasema lichapwe na jina lake liwekwe kwa herufi kubwa. Nimemwambia jina hapana. Aliyekuwa akilia chini ya draya alinishika mkono akaniambia, "Kumbe mtu alisikia." Hakuongeza neno, na mimi nikahesabu hiyo ni ruhusa. Wawili walikataa, yao nimeyachoma, usiniulize yapi.

Saluni, Jumamosi hiyo, nikafika kwenye pete. Mwalimu alisikiliza kichwa kimeinama upande, na mwisho akasema, "Maskini, na huyo naye alikuwa na mume kama wangu." Hakujijua, mwenzangu. Amekaa kwenye kiti kilekile, mbele ya sinki lilelile, na hakujijua. Hilo usilichape. Sitaki ajijue kwenye duka la vitabu, peke yake, bila mtu wa kumshika. Lichome.

Kisha nikasoma la kioo. Uliniambia nisilitafutie mwenyewe, na sikulitafutia. Nililisoma kwa sababu nilitaka kulisikia kwa sauti yangu. Kabla sijakunja karatasi, karani wa posta akasema, "Hilo ni langu. Nilikusimulia mwaka ule niliponyoa." Muuguzi akaruka. "Lako wapi? Mimi ndiye nilikuwa nabaki nyuma mpaka wote watoke, nijitazame bila mtu." Wakaanza kuvutana, wewe wajua walivyo, mpaka mwalimu akasema polepole, "Msigombane. Huyo anayekimbia ndani ya kioo ni mimi."

Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kunisimulia jambo hilo, hata karani anayedhani alinisimulia. Walilinyamazia wote, kila mmoja peke yake, na wewe ukalisema.

Nikawaambia mwenyewe si yeyote kati yao. "Basi nani?" wakauliza. Nikawaambia ni mke mwenzangu mdogo, yule aliyekuwa akikaa kwenye benchi akikunja taulo. Sitakudanganya. Muuguzi alijitupia kanga kichwani akaondoka na rola zangu, na mpaka leo hajazirudisha wala hajanisalimu. Mwalimu alitazama mikono yake. Karani aliniambia nisome tena, nikasoma tena.

Mwambie mhariri wako hakuna kujivisha. Aandike kwamba Binti Mvuke alilelewa saluni, na mashairi haya yameombewa ruhusa. Ukurasa wa mwanzo usiandike jina langu. Andika ni wa wateja.

Niliposoma mara ya pili ndipo nikagundua kwamba bomba uani halilii tena. Spana ilikuwa imenyamaza, sijui tangu lini. Akina mama walipotoka nilimkuta Baba yako ameketi kwenye ndoo aliyoigeuza, mikono imejaa tope jeusi la nywele, anaangalia ukuta. Nikamwuliza kama amemaliza. Akasema bado. Nikaokota spana yake. Baadaye akaniuliza, bila kugeuka, "Lile la kioo. Aliandika lini?"

Nikajifanya sielewi. Miaka mitatu nimekuwa nikimlinda kwako kwa kukuandikia kwamba yupo, na nikikulinda kwake kwa kutosema kitu. Nimechoka na kazi hiyo. Nikamwuliza, "Nani?"

Akafuta mikono kwenye suruali, kidole kimoja kimoja. Nikadhani atanyanyuka aende zake kama kawaida yake.

"Mtoto wangu," akasema.

Nilianza kukuandikia palepale, nimeegemea sinki, kabla hajapata nafasi ya kubadili neno lake.

Mke mwenzako mkubwa.